Wana wa Lameki

Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, kuanzia mstari wa 17 hadi wa 26.

Wengi wetu tunapoisoma sura hii hukomea pale Kaini anapomwua Habili nduguye. Lakini mistari inayofuata ni historia fupi ya maendeleo ya mwanadamu. Kaini anajenga mji. Kisha katika uzao wake, nyumbani mwa Lameki, wanazaliwa wana watatu: Yabali, baba wa wafugaji wakaao katika hema, Yubali, baba wa wapiga kinubi na filimbi, na Tubal-kaini, mfua shaba na chuma. Mifugo, muziki na ufundi, vyote katika nyumba moja! Lakini msikilizeni baba yao. Anajisifu mbele ya wake zake kwamba ameua mtu, na kwamba kisasi chake kitapita kile cha Kaini mara nyingi. Vyombo vya nyumba ile vilikuwa vimeendelea, bali moyo wa mwenye nyumba ulikuwa umerudi nyuma.

Ndugu zangu, ushahidi wa jambo hili umo hata katika udongo wa Kenya. Magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lomekwi, wataalamu walikuta mawe yaliyochongwa kwa mkono, nao wakatangaza mwaka 2015 kwamba yana umri wa miaka milioni 3.3. Hakuna vyombo vya mawe vinavyojulikana duniani vya kale kuliko hivyo. Leo sitagombana na mtu juu ya hesabu ya miaka. Natazama tu safari ndefu ya akili ambayo Mungu ametujalia, toka jiwe lile hata kisu, jembe, na sindano ya daktari.

Lakini upande uo huo wa ziwa, mahali paitwapo Nataruk, palifukuliwa mifupa ya watu 27 walioishi miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Kumi kati yao walikuwa na alama za kuuawa kwa ukatili, na katika fuvu la mmoja kilikutwa kipande cha jiwe kali kimekwama. Jiwe la kukatia nyama lilikuwa limeingia katika kichwa cha ndugu.

Na sasa tuvuke nchi, tuje huku kwetu Kaskazini Mashariki. Yabali tunamfahamu vizuri, maana hema na ngamia ndiyo maisha ya watu wa hapa tangu zamani. Visima vya Wajir vilichimbwa na wazee kwa mikono, vikanywesha vizazi na vizazi. Baadaye yakaja mengine: daraja la Mto Tana pale Garissa, shule, hospitali, viwanja vya ndege, na mwaka 2011 chuo kikuu. Twamshukuru Mungu kwa hayo yote.

Hata hivyo, Februari 1984, askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Na alfajiri ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, watu wa Al-Shabaab waliingia chuo kikuu cha Garissa. Waliwakuta wanafunzi Wakristo wakiwa katika maombi, wengine wakiwa vitandani. Watu 148 walikufa siku ile, 142 wao wakiwa wanafunzi.

Kiwanja cha ndege ni maendeleo. Chuo kikuu ni maendeleo. Lakini kazi ya miaka mingi yaweza kugeuzwa machinjioni kwa asubuhi moja, kama moyo wa Lameki ungalimo ndani yetu. Wala tusimpe Lameki kabila moja au dini moja. Wagalla waliua watumishi wa serikali yetu wenyewe.

Je, ni nini basi kinachoshikilia ustaarabu usianguke? Tarehe 21 Desemba 2015, miezi minane tu baada ya msiba wa Garissa, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wauaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa mmoja wa waliokataa. Alipigwa risasi, naye akafariki Januari 2016. Katika basi lile hapakuwa na mashine mpya yoyote. Palikuwa na watu waliokubali kufa kuliko kumtoa jirani yao.

Nayasema haya kwa kuwa wapo Wakristo ambao tangu 2015 humtazama kila Msomali kama adui, hata yule mwenye duka wanakonunua sukari. Mpendwa msikilizaji, huo ndio wimbo wa Lameki, na watoto wako hujifunza wakikusikia. Petro alipouliza asamehe mara ngapi, Bwana Yesu aliitwaa hesabu ile ya kisasi akaigeuza kuwa hesabu ya msamaha. Soma Mathayo 18:21 na 22. Kusamehe si kusema kwamba damu ya wale vijana ilikuwa bure. Haki na itafutwe, lakini asitwikwe mtu hatia ya mwingine.

Sura yetu haimalizikii kwa Lameki. Mstari wa mwisho watuambia kwamba siku za Enoshi watu walianza kuliitia Jina la Bwana. Juma hili, nenda kamjulie hali jirani yako usiyemwamini. Anzia hapo.

Tuombe. Ee Baba, umetupa mikono ya Tubal-kaini. Utuondolee moyo wa Lameki. Wafariji waliofiwa wa Garissa na wa Wagalla. Utufundishe kukaa pamoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.