Matuta ya Machakos na Kumbukumbu za Mashamba ya Familia

Historia ya mji wa Machakos husimuliwa kwa kawaida kupitia Masaku, mtabiri wa Wakamba ambaye mji ulipewa jina lake, kisha kupitia kituo cha utawala kilichohamishiwa Nairobi mwaka 1899, ilhali historia iliyo nzito zaidi imo katika matuta ya vilima vya Iveti, Kangundo na Mbooni (hii ya mwisho leo iko Makueni, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992). Katika sheria za jadi, malisho ya wote yaliitwa weu, eneo ambalo mtu amejitengea kwa muda kulishia mifugo likaitwa kisesi, na ardhi iliyokwisha kufyekwa, kulimwa na kurithishwa watoto ikawa ng'undu. Hivyo umiliki wenyewe ulikuwa ni masimulizi ya nani alifyeka wapi, na nani alishuhudia.

Nyaraka za kikoloni zilisimulia mambo mengine. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kilimo, aliandika ripoti iliyoichora wilaya kama nchi iliyoharibiwa na mmomonyoko wa udongo, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, hata kiongozi wa Wakamba, Muindi Mbingu, akawaongoza maelfu kwenda Nairobi kudai mifugo yao, naye akahamishiwa Lamu. Matuta yaliyochimbwa baadaye kwa amri ya machifu yalichukiwa, na mengi yakaachwa yabomoke. Yaliyodumu ni yale ambayo wenyewe waliyachagua, yaani yenye kina na upana wa kutosha kahawa na mboga, na baadaye ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko ili mvua yenyewe isawazishe shamba mwaka hadi mwaka; kazi hiyo ilifanywa kwa mwethya, kikundi cha ujirani cha kusaidiana, ambamo wanawake ndio walioshika majembe kwa wingi. Tiffen, Mortimore na Gichuki, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, walionyesha kwamba watu wa wilaya waliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 huku mmomonyoko ukipungua.

Hatimiliki zilizotolewa baada ya upimaji wa ardhi hutaja mwenye shamba, wala hazitaji wachimbaji. Pengo hilo ndilo ambalo elimu ya urithi ingeweza kuliziba, na vifaa vipo: wazee wa Ukambani hupanga miaka kwa majina ya njaa, kama Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19, Atta ya miaka ya 1960, iliyoitwa kwa unga wa msaada, na Nikw'a Ngwete ya mwaka 1984, maana yake nakufa na fedha mkononi. Mwanafunzi anayechora ramani ya shamba la nyanya yake anaweza kuuliza tuta lipi lilikuwapo kabla ya Atta na lipi lilichimbwa baada yake, akaandika pia majina ya wanamwethya waliolichimba.