Baridi ya Karatu na desturi za Waingereza

Mabibi harusi wetu wengi siku hizi fungate wanakwenda Ngorongoro, nasi hatuchoki kuwaambia: kama ni Juni au Julai, buibui peke yake halitoshi! Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari.

Baridi hiyo ndiyo iliyowapendeza walowezi. Karatu kuna shamba la kahawa walilolianzisha Wajerumani mwaka 1929, na Mwingereza James Gibb akalinunua 1948. Leo ni hoteli, Gibb's Farm. Utakuta bustani ya maua, meko vyumbani, na ile chai yao ya alasiri na keki. (Keki tunaikubali. Chai bila iliki, hapana.)

Majira yao lakini hayakuhamishika. Kwao Juni ni kiangazi, na London Magharibi huingia baada ya saa tatu usiku. Desemba huingia kabla ya saa kumi jioni. Karatu iko karibu na ikweta, hivyo mchana haubadiliki sana, na watu huhesabu masika na vuli kama sisi.

Desturi yao nzito zaidi ilikuwa kutenga ardhi ya wanyama na kuwatoa watu. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti, wakaahidiwa kuishi Ngorongoro na mifugo yao. Tangu 2022 baadhi yao wamehamia Msomera, Handeni. Mama wa Kimaasai atakayekuuzia shanga njiani, mwamkie, kisha muulize wazee wake walizaliwa wapi.