Kisu cha Sinema na Msuka Wake

Tarehe 19 Septemba 1827, juu ya fungu la mchanga katika mto Mississippi, karibu na mji wa Natchez, waungwana wawili wa Marekani walikutana ili kumaliza ugomvi wao kwa bastola. Wote wawili walikosa shabaha, wakapeana mikono, na jambo hilo lingaliishia hapo kama wafuasi waliokuja nao wasingaliamua kupigana wao kwa wao. Katika ghasia iliyofuata, James Bowie alipigwa risasi na kuchomwa kwa upanga uliofichwa ndani ya fimbo. Hata hivyo alimuua adui yake, Norris Wright, kwa kisu kikubwa alichokuwa nacho. Magazeti yaliieneza habari hiyo. Bowie alipouawa katika ngome ya Alamo, tarehe 6 Machi 1836, kisu chake kilikuwa kimekwisha kupata jina, na watu waliomba kuuziwa kisu kama hicho ambao hawakupata kukiona hata siku moja.

Mtu ajiulizaye leo kama yafaa kutoa fedha kununua kisu cha kujiokolea kilichoigwa kutoka katika sinema hana budi kuanza na habari hii. Sifa ya kisu ilitangulia, umbo lake likafuata. Mwaka 1838 Rezin Bowie, ndugu yake James, aliandika kwamba kisu cha kwanza alikitengeneza yeye mwenyewe: bapa lake lilikuwa na urefu wa inchi 9 na robo na upana wa inchi 1 na nusu, lilikuwa na makali upande mmoja, wala halikupinda. Kwa maelezo hayo, mtu angeweza kukidhania kuwa kisu kikubwa cha jikoni. Hapana kisu hata kimoja ambacho wanahistoria wote wamekubaliana kwamba ndicho kile cha Natchez.

Basi wahunzi walitengeneza kitu walichokisikia. Wa kwanza kufaidika sana na biashara hiyo hawakuwa Wamarekani bali mafundi wa Sheffield, Uingereza, ambao tangu miaka ya 1830 walipeleka ng'ambo visu vingi vilivyonakshiwa maneno ya kuwapendeza wanunuzi wa huko. George Wostenholm, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wao, alithubutu hata kukiita kiwanda chake kwa jina la Washington. Visu hivyo vilikuwa vya mwigo, lakini mwigo wa namna ya peke yake: mnunuzi wa siku zile alikusudia kukitumia kisu chake, kuchinjia na kuchunia, na ikibidi kupigania, hivyo fundi aliyeuza chuma kibovu alijiharibia jina mwenyewe.

Sinema ilipoingia, mambo yaligeuka. Mwaka 1952 ilitoka filamu ya The Iron Mistress, ambayo ndani yake Alan Ladd alikuwa Bowie. Mhunzi wa filamu hiyo akayeyusha chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, akafua kisu kipana ambacho ncha yake imekatwa kwa kupinda. Kisu hicho hicho kilionekana tena katika filamu ya The Alamo ya mwaka 1960, na tangu hapo watu wengi walipotaja kisu cha Bowie walikuwa na umbo hilo machoni mwao. Rezin angeliliona, yamkini asingalilitambua. Anayenunua nakala yake leo hununua nakala ya pambo la sinema, ambalo nalo lilitokana na hadithi, na msingi wa hadithi hiyo ni kisu kilichopotea. Hapana aibu katika kununua kitu kama hicho, mradi mnunuzi ajue anunuacho.

Kisu cha Rambo kina historia tofauti, na ndicho kinachowadanganya watu zaidi, kwa sababu chenyewe hakikuanza kuwa pambo. Katika vita vya Vietnam askari wa Marekani walihitaji kisu ambacho, ndege ikianguka, kingeweza kukata bati la ubavu wake ili waliomo wapate kutoka. Hiyo ndiyo asili ya meno ya msumeno mgongoni mwa visu hivyo. Marubani walipewa kisu kifupi cha bapa la inchi 5, ambacho mpini wake ni duara za ngozi zilizopangwa juu ya msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayotoka katika bapa na kuingia ndani ya mpini, hadi kwenye kitako cha chuma. Wakati huo huo, mapema katika miaka ya 1960, kiwanda cha Randall cha Orlando, Florida, kilianza kuuza kisu chenye mpini wa bomba tupu, ili mwenyewe aweze kutia ndani yake dawa au viberiti.

Sylvester Stallone alipokuwa akitayarisha filamu ya First Blood, iliyotoka mwaka 1982, alimwendea Jimmy Lile, fundi wa visu wa Arkansas. Lile alitengeneza kisu cha bapa la inchi 9, chenye meno 14 mgongoni, mpini wa bomba uliozungushiwa kamba, na dira katika kifuniko chake. Ndani ya mpini mlikuwa na sindano na uzi, na watazamaji walimwona Rambo akijishona jeraha la mkono kwa uzi huo. Filamu ya pili ilifuata mwaka 1985, na kwa muda wa miaka michache kila soko la vifaa vya wawindaji likajaa visu vya mpini wa bomba.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri. Kamera huona bapa, meno, kamba na dira. Haioni msuka, wala haioni matiko ambayo fundi aliyatia katika chuma ili kiwe kigumu bila kuvunjika. Mwigaji wa bei rahisi, ambaye kazi yake ni kumfurahisha aliyetoka kutazama filamu, huiga alichokiona. Katika kisu cha mpini wa bomba msuka hauwezi kufika mwisho wa mpini, kwa maana nafasi yake imechukuliwa na sindano na uzi; hukomea shingoni, ukashikwa kwa gundi, kwa nati au kwa lehemu. Fundi hodari kama Lile alijua kuufanya ungio huo uwe imara. Katika nakala duni, hapo ndipo kisu kinapokatika, tena mkononi mwa mtu anayepasua kuni wakati wa mvua, mbali na kwao, hana kisu kingine. Aghalabu meno yenyewe huwa ni ya mapambo tu: hukwaruza ubao, yasiukate.

Kwamba kosa si la wazo bali ni la utekelezaji, alilionyesha Chris Reeve, fundi wa Durban, Afrika Kusini, ambaye tangu mwaka 1984 aliuza visu vya mpini mtupu vilivyochongwa kutoka katika kipande kimoja cha chuma, bapa na mpini pamoja, bila ungio lolote. Kazi ya namna hiyo hula chuma kingi na saa nyingi, na bei yake ilikuwa kubwa vivyo hivyo. Nao watengenezaji wa sinema hawakushikilia bomba milele. Kisu cha Rambo III cha mwaka 1988, kazi ya Gil Hibben, kilikuwa na mpini wa mbao, na cha filamu ya mwaka 2008 kilifanana na panga. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kujizuia kutabasamu hapo, kwa kuwa panga la mkulima, lenye msuka mpana uliopigiliwa ribiti kati ya vibao viwili, limekuwa likifanya kazi hiyo siku zote bila kutafuta nyota wa kulitangaza.

Basi anayetaka kisu cha kutundika ukutani, kwa kuwa filamu fulani ilimgusa alipokuwa kijana, anaweza kununua nakala rahisi bila majuto. Fedha yake imenunua kumbukumbu, na kumbukumbu haihitaji matiko. Anayetaka kwenda nayo porini na auulize msuka kabla ya kuuliza bei: unafika wapi, umeshikwa na nini, chuma ni cha aina gani, nani aliyekitia moto. Muuzaji asiyejibu maswali hayo, bali akajibu kwa jina la filamu, amekwisha kusema kila kitu. Methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama haikutaja umbo la kisu. Kwa bei ya nakala nyingi za kati, ambazo si pambo zuri wala si zana nzuri, mtu hupata kisu cha kawaida cha Mora, Uswidi, na nauli inabaki. Nakala hizo za kati ndizo zisizostahili kununuliwa kabisa.

Limebaki suala la sheria, ambalo nalo ni la zamani kuliko sinema. Mwaka 1837 jimbo la Alabama liliweka kodi ya dola 100 juu ya kila kisu cha Bowie kilichouzwa, kodi iliyokusudiwa kuua biashara wala si kukusanya mapato. Katika England na Wales, tangu tarehe 24 Septemba 2024, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa na sheria, ni kosa kuweka hata nyumbani kisu chenye ncha ambacho bapa lake lapita inchi 8 na kina alama fulani za kutisha, miongoni mwake safu ndefu ya meno. Anayeagiza nakala kutoka ng'ambo yampasa kuisoma sheria ya nchi yake kabla ya kulipa, kwa kuwa afisa wa forodha hutazama kisu kama kamera ilivyokitazama, na habari ya msuka haimhusu.