Kisamvu cha Bibi na Umeme wa Vinasaba

Nyuma ya jiko la Bibi, jirani yangu hapa Makumira, ipo mihogo mitano. Huku chini ya Mlima Meru wenye shamba ni mgomba na mbuni, mahindi yanafuata. Muhogo hupewa kona, tena mara nyingi kwa ajili ya kisamvu kuliko mizizi. Siku moja nikichuma majani kwa ruhusa ya mwenyewe, niliona jani lenye mabaka ya njano, upande mmoja umedumaa, ncha zimejikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto.

"Bibi, huu muhogo unaumwa."

"Hauumwi, mjukuu wangu. Ndivyo ulivyo tangu niupande."

Kwa hesabu yake hakukosea. Muhogo haupandwi kwa punje, hupandwa kwa pingili ya shina, na pingili hurithi maradhi ya mama yake. Ukiupata mgonjwa utaukuza mgonjwa, mpaka ugonjwa uonekane ndiyo sura ya mmea. Batobato, maana ndilo jina la ugonjwa huo, iliingia kwenye maandishi ya wataalamu mwaka 1894, Mjerumani Warburg alipoueleza kutoka koloni lao la Afrika Mashariki, yaani nchi yetu hii.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Waingereza wakakirithi, na mwaka 1936 mtafiti wao H. H. Storey akaeleza ugonjwa wa pili wa muhogo, michirizi ya kahawia. Huu ni mnafiki. Majani yanaweza kukudanganya msimu mzima, ukichimba ndipo unakutana na mzizi uliooza kwa ndani, kavu, rangi ya kahawia kama kizibo cha chupa. Zana za Storey zilikuwa macho, kisu cha kuunganishia tawi gonjwa kwenye shina zima, na subira. Amani walijaribu pia kuuzalisha muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, ili upate ukinzani. Miongo mingi baadaye vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba Kaleso ya pwani ya Kenya na Namikonga ya Tanzania, mbegu mbili zenye damu ya Amani, ni muhogo mmoja wenye majina mawili. Yaelekea pingili zilibebwa zikavuka mpaka, jina likabaki nyuma.

Uthibitisho kwamba batobato inaletwa na kirusi ulikamilika mwaka 1983, na mwaka huohuo Stanley na Gay wakachapisha mpangilio kamili wa herufi za DNA yake. Kirusi chenyewe ni kituko: chembe zake zimeungana mbilimbili kama Kulwa na Doto, na DNA yake nayo ni vipande viwili, kila kimoja takribani herufi 2,700. Basi ugonjwa sasa ulikuwa na maandishi. Swali likawa nani atayasoma, na kwa kifaa gani.

Hapo ndipo umeme unaingia. DNA ina chaji hasi. Ukiiweka kwenye jeli na kupitisha umeme, inakimbilia ncha chanya. Vipande vifupi hutangulia na virefu huchelewa, kama watoto wanavyopenya katikati ya watu siku ya soko Tengeru huku mama mwenye kapu akisukumana. Maabara zimetegemea mbio hizo kwa miongo mingi. Mwaka 1962 Eley na Spivey walipendekeza jambo la kushangaza zaidi, kwamba umeme unaweza kusafiri ndani ya DNA yenyewe kupitia herufi zake zilizopangana kama sahani kabatini. Wengi walisitasita. Mwaka 1993 Jacqueline Barton na wenzake, Marekani, walionyesha elektroni ikivuka masafa marefu ndani ya uzi huo, na kazi zilizofuata zikaonyesha kwamba herufi moja isiyoendana na mwenzake inatosha kuuvuruga mkondo. Fundi umeme yeyote wa Usa River angelielewa hilo upesi: waya ukilegea mahali, taa inakwambia.

Lakini njia iliyofika kwenye mashamba yetu ni nyingine. Mwaka 1989 David Deamer alichora kwenye daftari lake uzi wa DNA ukivutwa na umeme kupita kwenye kitundu kidogo mno. Kila herufi ikipita inaziba kitundu kwa namna yake, mkondo unapungua kwa kiasi chake, na kwa kufuata kupanda na kushuka huko unaisoma. Mwaka 1996 Deamer na wenzake walichapisha jaribio la kwanza kufanikiwa kupitisha nyuzi hizo. Kitundu walichotumia kilikuwa sumu ya bakteria, ileile ambayo kazi yake mwilini ni kutoboa chembe za damu. Mwaka 2014 watafiti walianza kupewa MinION, kifaa cha kushika mkononi kinachosoma DNA kwa vitundu vya namna hiyo na kuchomekwa kwenye kompyuta.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Timu ya Laura Boykin, Joseph Ndunguru wa hapa Tanzania, Titus Alicai wa Uganda, Elijah Ateka wa Kenya na wenzao ilibeba maabara nzima mpaka shambani: mashamba matatu, moja kila nchi, vifaa vya betri, bila umeme wa gridi wala intaneti ya kutegemea. Wakauita mpango huo maabara ya mti. Walisoma majani, mashina, mizizi, hata nzi weupe wanaosambaza kirusi, na tangu kufika shambani mpaka kupata jibu la awali hazikupita saa tatu.

  

Mnafiki wa Storey, hata hivyo, hakunaswa chini ya mti. Virusi vya michirizi ni vya RNA, na vifaa vile viliandaliwa kwa DNA. RNA inataka kugeuzwa kwanza, hatua ya ziada na gharama ya ziada.

Ndunguru, aliyekuwa mtafiti Mikocheni, Dar es Salaam, baadaye alikuja kuongoza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Ngaramtoni, ng'ambo ya jiji la Arusha kutoka hapa kwetu. Nilimweleza Bibi hayo yote, kitundu na umeme na saa tatu. Alisikiliza kwa adabu huku akisonga ugali. Nilipoaga akatoka na panga, akakata pingili tatu ndefu kwenye ule muhogo wenye mabaka, akazifunga kwa kamba ya mgomba.

"Kapande kwako," akasema. "Kisamvu chake ni laini."

Nikazipokea kwa mikono miwili.