Kongwa: karanga zilizonaswa ardhini

Mwaka 1947 matrekta ya Waingereza yaliingia Kongwa, nchi ya Wagogo, kwa mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu za Tanganyika na nchi jirani. Vita vilikuwa vimeiacha Uingereza na uhaba wa mafuta ya kupikia. Ujumbe wa uchunguzi ulioongozwa na John Wakefield ulikuwa umezunguka nchi kwa wiki chache tu mwaka 1946, ukarudi na matumaini tele. Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimeteketea.

Wasimuliaji wengi huilaumu mibuyu na vichaka vilivyovunja majembe ya matrekta. Mimi naitazama mvua. Mkoa wa Dodoma, ilipo Kongwa, hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu zote kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwenye makaratasi kiasi hicho kinaridhisha. Shambani hushuka kwa mafungu: leo gharika, kisha jua la wiki mbili au tatu, hasa Februari. Udongo wa Kongwa ukikauka hushikana kama saruji, nazo karanga huzaa chini, hivyo hazikung'oleka.

Kwa mvua ya namna hiyo, Wagogo walipanda uwele na mtama, wakafuga ng'ombe wa kuuza mvua ikigoma. Tusiwapambe kupita kiasi, hata hivyo. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake waliangamia kwa maelfu katika njaa waliyoiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipokuja, ghala na zizi vilikuwa vitupu.

Siku hizi mvua za kwanza mara nyingi hudanganya, mbegu huota na kukauka, na mkulima hulazimika kununua nyingine. Anayepanda mahindi huumia zaidi, kwa kuwa jua la Februari huyakuta yakitoa mbelewele. Serikali imehimiza mtama kwa miaka mingi, na mbegu ya Macia, inayokomaa mapema, iliidhinishwa mwaka 1999. Mahindi bado yanapandwa. Tusiwaite wakulima wakaidi: mtama huvamiwa na kweleakwelea, na watoto waliokuwa wakiamia ndege sasa wako darasani. Pia ugali mweupe ndio unaopendwa mezani, na mahindi ndiyo yenye mnunuzi wa uhakika. Wengi hugawa shamba, mahindi bondeni, mtama mwinukoni.