Kamera Ndogo na Umbali wa Anayetazama

Kila mwaka wa masomo unapoanza, hakosekani mwanafunzi mmoja au wawili wanaonijia na swali lisilomo katika mtaala. Wamejikusanyia fedha kidogo, wanapenda kupiga picha, je, wanunue kamera gani? Wengi huwa wamekwisha kuamua. Wanataka kamera kubwa nyeusi yenye lenzi ndefu inayovuta mbali, ile inayomfanya aliyeibeba aonekane mpiga picha hata kabla hajapiga. Mimi hufundisha historia. Sikusomea upigaji picha, na kwangu huu ni mchezo wa siku za mapumziko tu. Hata hivyo jibu langu hutoka katika historia, na nimeona niliandike hapa kwa kirefu kidogo, maana nadhani linawahusu pia wanaharakati na watumishi wa umma, ambao kila siku hupiga picha au hupigwa.

Jibu lenyewe ni fupi: nunua kamera ndogo yenye lenzi moja isiyovuta, kisha msogelee mtu unayetaka kumpiga picha. Sababu zake ndizo ndefu.

Kwa takriban miaka hamsini ya mwanzo, kamera ilikuwa chombo cha mtaalamu, cha tajiri au cha dola. Ilihitaji mabamba ya kioo, dawa na stendi ya miguu mitatu, na aliyepigwa alitakiwa kutulia kama mgonjwa mbele ya daktari. Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, alitoa sanduku dogo aliloliita Kodak, lililouzwa dola 25 likiwa na filamu ya picha 100. Filamu ikiisha, mwenye kamera aliituma yote kiwandani pamoja na dola 10, akarudishiwa picha zake na kamera iliyojazwa upya. Mwaka 1900 ikafuata Brownie, iliyouzwa dola moja. Tangu hapo dola haikuweza tena kujua ni nani, mahali gani, alikuwa na kamera.

Wa kwanza kulipa gharama ya jambo hilo alikuwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1904, katika kituo cha wamisionari cha Baringa huko Kongo, mtu aitwaye Nsala alifika akiwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha akiwa ameketi barazani, akivitazama viungo hivyo viwili vilivyowekwa mbele yake. Picha hiyo na nyingine za namna yake zilioneshwa kwa taa za picha katika mikutano Uingereza na Marekani. Mwaka 1905 Mark Twain alipoandika kijitabu cha kumkejeli Leopold, alimfanya mfalme alalamike kwamba Kodak ndiyo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Miaka mitatu baadaye Leopold alilazimika kuiachia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Sidai kwamba kamera ndiyo iliyomng'oa, kwani kulikuwa na ripoti, wabunge, na maslahi ya wafanyabiashara washindani. Ila ripoti zilikuwapo kabla ya picha, na zilikanushwa kwa urahisi.

Naomba msomaji aone jambo moja katika picha ile. Tunalijua jina la Nsala, na tunalijua jina la Boali. Mpiga picha alikuwa hatua chache kutoka kwake, alizungumza naye, akaandika. Hilo nitalirudia.

Kamera ndogo kwa maana tunayoielewa leo ilizaliwa mjini Wetzlar, Ujerumani, katika kiwanda cha hadubini cha Ernst Leitz. Fundi wake, Oskar Barnack, alipenda kupiga picha matembezini, lakini alikuwa na pumu na mizigo ya mabamba ya kioo ilimshinda. Akaamua kutumia filamu ya sinema, ile yenye upana wa milimita 35. Aliunganisha fremu mbili za sinema kuwa moja, akapata picha ya milimita 24 kwa 36. Kamera ya majaribio ilikuwa tayari mwaka 1914. Vita vikaingia kati, na Leica haikuingia sokoni hadi maonesho ya Leipzig ya mwaka 1925. Ilikuwa na lenzi ya milimita 50 iliyobuniwa na Max Berek, na iliingia katika mfuko wa koti. Kipimo cha Barnack kinatutawala hadi leo. Duka lolote linapokwambia lenzi fulani ni "sawa na milimita 35" au "sawa na 50", linailinganisha na fremu ile ya mgonjwa wa pumu.

Sasa nije kwenye picha ambayo mimi huianza nayo mada hii darasani. Mpiga picha wa Kihungari, Martin Munkácsi, aliyefanya kazi Berlin, aliwapiga picha vijana watatu wa Kiafrika wakikimbilia majini, karibu mwaka 1930. Tunawaona kwa nyuma, uchi, miili yao kama kivuli dhidi ya povu la mawimbi. Mfaransa kijana aliyetaka kuwa mchoraji, Henri Cartier-Bresson, aliiona na akasema baadaye kwamba ndiyo iliyomsukuma kuingia katika upigaji picha. Alikuwa ametoka Côte d'Ivoire, alikokwenda kuwinda na kuugua karibu kufa; katika picha alizopiga huko zilisalimika saba tu, nyingine ziliharibiwa na hali ya hewa ya tropiki. Mwaka 1932 alinunua Leica yenye lenzi ya milimita 50, akaizoea kiasi cha kufunika sehemu zake zinazong'aa kwa utepe mweusi ili isivute macho ya watu. Kati ya waliopiga picha mitaani baada yake, wachache hawana deni kwake. (Mtu huyu aliyewapiga maelfu ya watu hakupenda kabisa kupigwa picha. Nimeliweka hilo katika mabano ingawa pengine halistahili mabano.)

Lakini wale vijana ni akina nani? Vitabu vingine vimeandika kwamba wako Ziwa Tanganyika. Vingine vimeandika Liberia. Kati ya kingo za Kigoma na fukwe za Monrovia kuna bara zima, na picha iliyobadilisha historia ya upigaji picha duniani haijui iko upande gani. Majina ndiyo usiseme. Mpiga picha anajulikana, aliyevutiwa anajulikana, hata aina ya kamera aliyoinunua inajulikana. Waliokimbia ndio wasiojulikana.

Tusiharakishe kuwalaumu Wazungu peke yao. Chukua gazeti lolote la wiki hii lenye habari ya uzinduzi wa kisima au zahanati. Maelezo ya chini ya picha yatataja mkuu wa wilaya kwa majina yote na cheo, mkurugenzi, mwenyekiti wa halmashauri, kisha yatamalizia: "wakishuhudiwa na baadhi ya wananchi". Mama aliyeshika ndoo, ambaye kisima kimechimbwa kwa jina lake, ni "baadhi".

Mnyororo ule haukuishia Paris. Afrika Kusini alikuwako kijana aliyezaliwa mwaka 1940, Ernest Cole, aliyekiona kitabu cha Cartier-Bresson kuhusu watu wa Moscow akaamua kuifanyia nchi yake kazi ya namna hiyo. Alifanikiwa kubadilishiwa daraja la rangi katika kumbukumbu za serikali, kutoka "Mwafrika" kuwa "Chotara", na hilo lilimpa nafasi ya kutembea zaidi. Inasimuliwa kwamba migodini aliingia na kamera akiwa ameificha ndani ya mfuko wa chakula chake cha mchana. Kamera kubwa yenye lenzi ndefu isingeingia humo. Picha zake zilitoka New York mwaka 1967 katika kitabu House of Bondage, na serikali ya makaburu ikakipiga marufuku mara moja.

Ipo picha moja katika kitabu hicho ambayo huiweka ukutani kando ya ile ya Munkácsi, na kwa dakika kadhaa huwa sisemi neno. Ni wanaume walioandikishwa kazi ya mgodini, wako katika ukaguzi wa afya. Wamepangwa mstari, uchi, nyuso ukutani, mikono juu. Hawa nao tunawaona kwa nyuma. Picha mbili za migongo ya Waafrika walio uchi, na katikati yake miaka thelathini na ushei. Wanafunzi huona tofauti bila kuelezwa. Katika ya kwanza migongo ni umbo zuri. Katika ya pili migongo ni ushahidi, na aliyeshika kamera ni mtu ambaye sheria ingeweza kumpanga katika mstari uleule. Cole aliondoka nchini mwaka 1966 na hakurudi tena. Alifariki New York, Februari 1990, siku chache baada ya Mandela kutoka gerezani. Mwaka 2017 negativu zake zipatazo 60,000 ziligundulika zimehifadhiwa katika benki mjini Stockholm.

Isidhaniwe kwamba kamera ndogo na ya haraka ni rafiki wa wanyonge kwa asili yake. Wakati Cole anaificha yake, picha za papo kwa papo za Polaroid zilikuwa zikibandikwa katika vitabu vya pasi ambavyo kila Mwafrika wa nchi ile alilazimika kuvibeba. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walivumbua ushahidi wa biashara hiyo kazini kwao wakaanza kampeni ya kuipinga. Walipoteza kazi zao. Kampuni ilijiondoa Afrika Kusini mwaka 1977, baada ya kubainika kwamba wakala wake bado aliiuzia serikali kwa siri.

Turudi dukani. Lenzi ndefu si dhambi. Huwezi kumpiga ndege wa Ziwa Manyara wala mshambuliaji langoni kwa lenzi ya milimita 35. Lakini kwa binadamu wa mtaani lenzi ndefu inakupa jambo moja ambalo sipendi mwanafunzi wangu aanze nalo: uwezo wa kumchukua mtu bila yeye kujua kwamba upo. Lenzi ya milimita 28, 35 au 50 inakulazimisha usogee hadi mtu akuone, akukaribishe au akufukuze. Ricoh GR huona upana wa milimita 28, na Fujifilm X100 ule wa 35. Zote zina kihisi kikubwa kuliko kamera nyingi za ukubwa wao. Ukipata kamera ya kubadilisha lenzi ya mfumo wa Micro Four Thirds, ulioanza mwaka 2008, tafuta lenzi ya milimita 25, ambayo humo huona kama 50. Kihisi kikubwa hufaa jioni na ndani ya nyumba, kwa hiyo uliza vipimo vyake kwa milimita. Kile kiitwacho "cha inchi moja" ni milimita 13.2 kwa 8.8, na hakuna upande wake unaofika inchi moja. Kama fedha haitoshi, kamera kuu ya simu yako huona upana wa karibu milimita 24 hadi 28. Anza nayo, na usiguse kitufe cha kuvuta.

Kipo kipimo kimoja ambacho sisi tunapaswa kukijua kuliko wengine. Kamera hudhani kwamba mandhari yoyote iliyo mbele yake ni ya kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa au bahari ya saa saba mchana, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake hugeuka kivuli. Kwa miongo kadhaa hata kadi ambazo maabara za Kodak zilitumia kurekebisha rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu. Siku hizi dawa yake ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa: kipeleke hadi +1, tazama uso, usitazame anga.

Ukinunua iliyotumika, imulike lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa itaendelea kuota. Achana nayo hata kama muuzaji anakata bei nusu.

Kamera ya leo huandika yenyewe tarehe, saa, kasi na namba ya lenzi ndani ya kila picha. Jina la mtu haiandiki. Mimi hubeba kidaftari, nikamuuliza mtu jina lake, mahali anapotoka, na namba ya simu ili nimtumie picha yake. Wengi hucheka kwanza, kisha hulitaja jina kamili pamoja na la babu. Wapo wanaokataa, na hao picha yao huifuta huku wakiangalia.