Mpunga Ulionisomesha na Viboko wa Ruaha

Babu yangu analima mpunga Usangu, wilayani Mbarali. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye magunia ya mpunga wake, na hata sasa, nikiwa nasoma shahada ya uzamili ya historia, mavuno yakiwa mazuri napigiwa simu: "Mjukuu, hebu angalia salio lako." Nalisema hili mwanzoni ili msomaji ajue nimesimama upande gani wa mfereji.

Oktoba mwaka jana nilikuwa juu ya daraja la Ibuguziwa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa umekatika. Chini palikuwa na mchanga, mawe, na dimbwi moja lenye rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Ndani yake viboko walikuwa wamebanana mgongo kwa mgongo. Nilijaribu kuwahesabu nikaishia njiani, maana kila aliyezama alimwibua mwingine. Harufu ilitufikia kabla ya sauti zao. Dereva wetu, mzee wa Iringa, alisema kwa upole, "Zamani hapa ulikuwa unaona masikio tu. Sasa unaona mpaka tumbo."

Kiboko nilimjua kwanza kama fimbo. Katika historia tuliyofundishwa shuleni, jina lake ni la mjeledi wa ngozi yake, ule ambao utawala wa Wajerumani ulichapia watu viboko ishirini na tano, na watu wakauita "hamsa ishirini". Mnyama mwenyewe hakuwa na historia. Siku ile darajani nilianza kujiuliza kama kweli hana.

Kiboko ni mnyama wa maji asiyeogelea. Anatembea chini, kwenye sakafu ya mto. Mchana anahitaji maji ya kumfunika, kwa sababu ngozi yake ikikaa juani hukauka na kupasuka. Usiku anatoka kwenda kula majani, kiasi cha kilo 40, kisha anarudi kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo hawezi kwenda mbali na maji. Ukitaka kujua alikoishi kiboko zamani, tafuta maji yalikokuwa.

Ukifuata kanuni hiyo utafika mbali. Mifupa ya viboko imechimbuliwa chini ya Trafalgar Square, London, ikiwa imebaki tangu kipindi cha joto cha miaka ipatayo 125,000 iliyopita. Michoro ya miambani ya Tassili n'Ajjer, Algeria, inaonyesha viboko mahali ambapo leo ni jangwa. Wamisri wa kale walimchora Taweret, mlinzi wa wanawake wajawazito, kwa umbo la kiboko, kwa sababu mnyama huyo walikuwa wakiishi naye mtoni. Lakini mashamba yalipojaza kingo za Nile na uwindaji ukaendelea, viboko walisogea kusini, na mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wamekwisha Misri. Mwaka 1850 bustani ya wanyama ya London ilipompokea kiboko wake maarufu, Obaysch, ilikuwa imebidi akamatwe mbali kusini, kwenye Nile Nyeupe.

Sahara ilikauka polepole, vizazi kwa vizazi. Misri ilichukua maelfu ya miaka. Ruaha Mkuu umeanza kukatika ndani ya umri wa mama yangu.

Mto huu unakusanya maji yake kutoka milima ya Uporoto na Kipengere. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na mingine inateremka kwenye uwanda wa Usangu, kisha maji yanatulia katika ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ni kama karai. Upande wa kaskazini-mashariki, mahali paitwapo Ng'iriama, kuna ukingo wa mwamba. Maji yakizidi kimo cha ukingo huo, yanamwagika na kuendelea hifadhini, Mtera, Kidatu, hadi Rufiji. Yakishuka chini ya ukingo, hata kwa kiasi kidogo tu, hakuna tone linalopita. Karai linaweza kuwa na maji mengi bado, ila ng'ambo ya pili mto umekufa.

Sasa nije kwetu. Kilimo cha umwagiliaji Usangu kilianza kushika kasi kabla ya uhuru, pale Wabaluchi waliohamia huko walipochimba mifereji na kulima mpunga. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa China, ilijenga shamba kubwa la Mbarali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likawa tayari la Kapunga, na Madibira likafuata. Pembeni ya mashamba hayo makubwa, wakulima wadogo walijifunza, wakachimba mifereji yao, wakajenga mabanio ya mawe na magogo, baadaye ya saruji. Babu ni mmoja wao. Mchele wa Mbarali ukapata jina hadi Dar es Salaam. Nyumba za bati zikaongezeka, na watoto wakasoma.

Mwaka 1993, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za hifadhi, Ruaha Mkuu ulikatika kabisa wakati wa kiangazi. Tangu hapo umekuwa ukikatika kila mwaka.

Lawama ilihitaji mahali pa kutua. Taifa lilikuwa na mgawo wa umeme, na mabwawa ya Mtera na Kidatu yanategemea mto huohuo. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba kufikia 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na ng'ombe wao, wengi wakaelekezwa mikoa ya kusini kama Lindi. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2010 ukafika, na kiangazi chake kikaukuta mto umekatika kama kawaida.

Ng'ombe wanakunywa maji, hilo halina ubishi. Lakini watafiti waliopima mito ya Usangu walionyesha kwamba sababu kubwa iko juu zaidi, kwenye mabanio. Kiangazi, wakati mpunga haupo shambani, mifereji inaendelea kuchota mto. Sehemu ndogo ya maji hayo inatumika nyumbani, kwenye bustani na kufyatulia matofali. Mengi yanapotelea ardhini na juani kwenye majaruba matupu. Nilisoma sentensi hizo maktabani nikaona aibu, kwa sababu majaruba hayo nayafahamu. Nimecheza ndani yake.

Huko chini, viboko wanaosukumwa kwenye madimbwi machache hawabanani tu. Kila usiku wanaleta majani ya nchi kavu tumboni, na mchana wanayaacha majini kama kinyesi. Mto unapotiririka, hicho ni chakula cha samaki na wadudu, na kinasambazwa mbali. Mto ukisimama, kinarundikana. Utafiti uliofanyika Ruaha Mkuu na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika madimbwi hayo hewa ya oksijeni inapungua na samaki wanatoweka. Kwa hiyo mnyama yuleyule aliyelisha mto ndiye anayeuchafua, naye hajabadilisha tabia yake hata kidogo. Mwaka 2017 ugonjwa wa kimeta ulipoingia, ulikuta viboko wamejazana namna hiyo, na wale waliohama kutoka dimbwi linalokauka kwenda lingine waliingia katika njia za ugonjwa. Katavi, kwenye Mto Katuma, picha za viboko waliolala kwenye tope zinafanana na hizi. Barani kote inakadiriwa wamebaki kati ya 115,000 na 130,000, na tangu 2006 wamo katika orodha ya kimataifa ya wanyama waliomo hatarini.

Nilipokwenda nyumbani Desemba nilimweleza babu yote haya. Alisikiliza akiwa anachonga mpini wa jembe. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa kijana, viboko walikuwa wakitoka mtoni usiku na kuingia kwenye mpunga. Yeye na kaka zake walikuwa wanalala kwenye kitaru, wakisikia mkoromo wanapiga debe hadi kunakucha. "Mwaka mmoja wakaacha kuja," alisema. "Tukafurahi. Tulidhani tumewashinda."

Debe lenyewe bado lipo. Siku hizi tunapimia mchele.

Nikamuuliza, "Babu, kwa nini msifunge banio mkishavuna?"

"Tukifunga, mama zako wachote wapi?" Hapo kijijini mfereji ndio bomba. Alinionyesha kwa mkono nyumba moja baada ya nyingine ambazo hazina kisima. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kwamba kwa matumizi ya nyumbani inatosha sehemu ndogo tu ya yale yanayochotwa, na kwamba visima vichache vingeruhusu banio lifungwe. Lakini visima havichimbwi kwa tasnifu. Na mkulima mmoja akifunga, jirani wa chini yake anachota zaidi. Lazima wakubaliane wote, kwenye Jumuiya ya Watumia Maji, katika kikao ambacho kiboko hana mjumbe.

Nilijaribu kumwambia kwamba simlaumu. Akanikatiza. "Usinionee huruma. Mpunga nililima mimi. Wewe andika."

Juni hii simu iliita. Mavuno yalikuwa mazuri, na hela ikaingia. Niliangalia salio kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Na mto wenu huko hifadhini," babu akauliza, "umeshakatika?"

"Bado, babu. Maji bado yanapita Ng'iriama. Yatakatika baadaye, kiangazi kikikolea."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake, na maji ya mfereji.

"Basi bado tuna muda wa kuitisha kikao," akasema.